Git ikikwama katikati ya kushusha au kupandisha: ikatwe vipi bila kuharibu kazi?

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Naleta jambo lililonikera kwa muda mrefu. Natumia Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi. Nina skripti inayopita kwenye repo kadhaa (hifadhi za kazi zenye historia yake) na kufanya `git fetch`, yaani kushusha mabadiliko kutoka kwenye seva, ili nikianza kazi kila kitu kiwe tayari. Juzi niliiwasha nikaenda kwenye shughuli nyingine. Nimerudi baada ya saa moja na nusu, nikakuta repo ya kwanza kabisa imesimama kwenye asilimia 63. Haijaanguka wala haijatoa kosa. Imesimama tu, na repo zote zilizokuwa nyuma yake kwenye foleni hazijaguswa. Mtandao ulikuwa umeyumba kidogo, ukarudi muda huohuo. Git haikuwa na habari.

Ingeanguka na kusema imeanguka, skripti ingeendelea na repo ya pili. Kilichonigharimu ni ule ukimya. Nimekaa siku kadhaa nikichimba, na nataka tulijadili kwa kina, maana naona wengi tumezoea kufunga terminali na kuanza upya bila kujua kilichotokea.

Kwanza, kwa nini inasubiri hivyo. Unaposhusha, upande wako kazi yake ni kusoma. Huna data uliyotuma ambayo unangoja seva ithibitishe kuipokea. Ruta ya katikati ikifuta kumbukumbu ya muunganisho wako, au seva ikizimika ghafla, hakuna paketi itakayokuja kukupa taarifa. Kompyuta yako inaendelea kuamini muunganisho uko hai kwa sababu hakuna aliyeiambia vinginevyo. Ukiwa unapandisha kuna nafuu: data iliyotumwa isipothibitishwa, Linux kwa mpangilio wake wa kawaida huirudia mara 15, na baada ya kama robo saa hukata. Kwenye kusoma kinachobaki ni upimaji wa uhai wa TCP, itifaki inayobeba muunganisho wenyewe. SSH (moja ya njia mbili za Git kuzungumza na seva, nyingine ni HTTPS) huuomba yenyewe, lakini Linux huuanza baada ya sekunde 7200 za ukimya. Hizo ni saa 2. Ndiyo maana saa yangu moja na nusu ilipita bila neno.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: muunganisho kuwa hai si sawa na kazi kwenda. Proksi (seva ya katikati) inaweza kuushika muunganisho vizuri kabisa huku haikupi hata baiti moja. Kwa hiyo swali la kuuliza si "imechukua muda gani?" Repo kubwa kwenye mtandao wa polepole inaweza kuchukua saa nzima na ikawa nzima kabisa. Swali ni "mara ya mwisho kitu kusogea ilikuwa lini?"

Kwa HTTPS, Git inajua kupima hilo, ila haijawashwa mpaka uiwashe:

`git config --global http.lowSpeedLimit 1000`
`git config --global http.lowSpeedTime 60`

Maana yake: kasi ikiwa chini ya baiti 1000 kwa sekunde kwa muda unaozidi sekunde 60, kata. Kwa SSH mipangilio hiyo haifanyi chochote, huko unaenda kwenye `~/.ssh/config`:

`Host *`
`ConnectTimeout 15`
`ServerAliveInterval 20`
`ServerAliveCountMax 3`

Hapo SSH inaiuliza seva kila baada ya sekunde 20 za ukimya, na ikikosa majibu mara 3 inakata. Yaani dakika moja, badala ya saa 2.

Karibuni mnikosoe na kuongezea.

#2 · Mchangiaji

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi ninachoogopa ni kimoja: nikiikata katikati, repo haiharibiki? Ndiyo sababu huwa naiacha hata ikikaa saa nzima, nikihofia kupoteza kazi.

#3 · Mleta uzi

Ndugu yangu, hofu hiyo nilikuwa nayo miaka mingi, na naomba nikutoe wasiwasi.

Wakati wa kushusha, Git inaandika kinachoingia kwenye faili la muda ndani ya `.git/objects/pack`, lenye jina linaloanza na `tmp_pack`. Likikamilika linakaguliwa, inahakikishwa kwamba historia imeungana bila pengo, na mwisho kabisa ndipo alama kama `origin/main`, zinazokuonyesha tawi la seva limefikia wapi, zinasogezwa. Ukikata kabla ya hatua hiyo ya mwisho, alama zako ziko palepale zilipokuwa. Komiti zako (hatua za kazi ulizokwisha hifadhi) na faili unazohariri hazijaguswa kabisa. Kinachoweza kubaki ni lile faili la muda, ambalo `git gc` italizoa likishapitwa na wakati. Ukitaka kujua limekula nafasi kiasi gani, `git count-objects -v` inaonyesha kwenye mstari wa `size-garbage`.

Ila namna ya kukata ina umuhimu. Ctrl-C, au `kill` ya kawaida, inaipa Git nafasi ya kufuta kufuli zake (faili zinazozuia Git mbili kuandika kwa pamoja) kabla ya kutoka. `kill -9` haiipi nafasi hiyo. Watu wengi wanaokutana na lile tatizo la `index.lock`, Git ikidai kuna mchakato mwingine unaendelea, walianza kwa kuua kwa nguvu. Na ukilikuta, usilifute kabla ya kuangalia kwa `ps` kama kweli hakuna Git nyingine inayofanya kazi kwenye repo hiyo. Kufuta kufuli la mchakato ulio hai, hapo sasa ndipo unaweza kuharibu.

#4 · Mchangiaji

Mkuu, hapo kwenye 1000 na 60 nina neno. Niliwahi kuweka hivyohivyo, tena kwa sekunde 30, ikawa inanikatia repo moja kubwa kila mara, mahali palepale. Mtandao ulikuwa mzima. Kumbe seva ilikuwa bado inahesabu na kubana vitu kabla ya kuanza kutuma, na muda wote huo hakuna data ya maana inayokuja. Git upande wa seva inatuma kipande kitupu kila baada ya sekunde 5 ili muunganisho usionekane umekufa, lakini kipande hicho ni baiti chache mno. Kwa kipimo cha baiti 1000 kwa sekunde, seva inayofanya kazi kwa bidii inahesabiwa kuwa imekwama.

Kwenye kupandisha ni vilevile. Data imekwisha kufika, seva inafungua na kuendesha ukaguzi wake, wewe unasubiri jibu. Ukikata hapo umejikatia mwenyewe.

#5 · Mleta uzi

Umenisahihisha mahali muhimu sana, nashukuru. Basi anayesoma asinakili namba zangu za juu. Kwa repo kubwa, teremsha kiwango cha kasi na urefushe muda: kwa mfano `lowSpeedLimit` iwe 100 na `lowSpeedTime` iwe 300. Kusubiri dakika tano kabla ya kukubali kwamba imekufa kunavumilika. Na kwa kuwa mipangilio hii inasomwa pia kutoka mazingira, unaweza kuweka `GIT_HTTP_LOW_SPEED_LIMIT` na `GIT_HTTP_LOW_SPEED_TIME` kwenye skripti moja tu bila kugusa mashine nzima.

#6 · Mchangiaji

Naongezea sababu ambayo watu huizunguka kwa wiki nzima bila kuiona: ukubwa wa paketi.

Dalili zake ni hizi. Unaunganishwa vizuri, unathibitishwa vizuri, mambo madogo yote yanapita, halafu mara tu mzigo wenyewe unapoanza, kimya. Kila mara, kila siku, na hasa ukiwa ndani ya VPN. Hapo mara nyingi kuna kifaa njiani kisichoweza kupitisha paketi kubwa, na ule ujumbe wa kukuambia "punguza ukubwa" umezuiwa na mtu aliyefunga ICMP (itifaki ya taarifa za mtandao) yote akidhani anaimarisha usalama. Paketi ndogo zinapita, kubwa zinamezwa.

Kwenye Linux jaribu `ping -M do -s 1472` kuelekea seva. Baiti 1472 pamoja na vichwa vya paketi vya baiti 28 ndiyo 1500 kamili. Ikikwama, punguza namba mpaka ipite, kisha shusha MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya kiolesura chako ilingane. Hapa kurudia kushusha mara mia hakusaidii, maana kila jaribio litafia palepale.

Na tafadhali, tuache kuambiana kila tatizo "ongeza `http.postBuffer`". Maelezo rasmi ya Git yenyewe yanasema kwa matatizo mengi ya kupandisha hiyo si dawa. Inahusu seva au proksi zisizoelewa utumaji wa vipande vipande. Nimeona watu wameiweka megabaiti 500, wanakula kumbukumbu bure, na tatizo liko palepale.

#7 · Mchangiaji

Wanaotumia `ControlMaster` kwenye SSH, yaani muunganisho mmoja mkuu unaopitisha amri zote, sikilizeni hili. Muunganisho mkuu ukifa kimyakimya, kila amri mpya ya Git inajaribu kupita ndani yake na inaganda nayo. Unafungua terminali mpya, inaganda. Unabadilisha mtandao, inaganda. Unaanza kuilaumu seva wakati mfu yuko kwenye mashine yako.

`ssh -O exit` ikifuatiwa na jina la seva inaufunga muunganisho huo wa zamani, na kinachofuata kinafunguka papo hapo. Ukiwa na `ServerAliveInterval` aliyoitaja mleta uzi, wenyewe utajifunga bila wewe kuingilia.

#8 · Mchangiaji

Mnaongelea kushusha mabadiliko. Sisi tunaokloni (kunakili repo nzima kwa mara ya kwanza) repo kubwa kwenye mtandao unaokatika kila baada ya dakika kumi tufanyeje? Nafika asilimia 80, inakatika, inafuta kila kitu, naanza sifuri. Inaumiza sana.

#9 · Mchangiaji

Pole ndugu. Ni kweli, kukloni kwa Git hakuendelei pale kulipoishia. Seva inatengeneza mzigo papo hapo kwa ajili yako, kwa hiyo hakuna faili lililokaa mahali unaloweza kuliomba kuanzia baiti fulani. Njia ni kukata safari iwe vituo vifupi, kila ukifika kituo unakuwa umekipata moja kwa moja.

Anza na komiti ya mwisho peke yake:

`git clone --depth 1 <anwani>`

Kisha ingia ndani na urudi nyuma kidogo kidogo:

`git fetch --deepen=500`

Rudia mara nyingi unavyohitaji. Ikikatika unapoteza hatua moja tu, zilizotangulia ziko salama. Ukikaribia mwisho, `git fetch --unshallow` inamalizia. Kumbuka kukloni kwa `--depth` kunakuletea tawi moja tu. Ukitaka mengine, toa kwanza `git remote set-branches origin '*'`.

Njia ya pili naipenda zaidi kama una mtu mwenye repo kamili na anaweza kuweka faili mahali pa kupakulika. Yeye anatengeneza:

`git bundle create repo.bundle --all`

Hilo sasa ni faili la kawaida. Unalipakua kwa `curl -C - -O`, na likikatika linaendelea pale lilipoachia. Likikamilika unakloni kutoka faili hilo, unabadilisha anwani kwa `git remote set-url origin`, na unashusha tofauti iliyobaki, ambayo itakuwa ndogo.

#10 · Mchangiaji

Kuna watakaoshauri `--filter=blob:none`, inayoleta historia bila yaliyomo kwenye faili za zamani. Inapunguza mzigo kweli, kama seva inairuhusu. Lakini kwa mtu mwenye mtandao mbovu naomba afikirie mara mbili. Baada ya hapo, mambo uliyozoea kuwa ya ndani ya mashine yako, kama `git blame` au kurudi kwenye komiti ya zamani, yanaweza kwenda kuomba vitu kwenye seva katikati ya kazi. Uzuri mkubwa wa Git ni kwamba historia yote unayo mkononi. Ukiigawa hivyo, kukwama kunahamia sehemu ambazo zamani hazikuwa na mtandao kabisa.

#11 · Mchangiaji

Mimi nazungumzia kupandisha, maana ndiko wasiwasi wangu ulipo. Umetuma, imefika asilimia 100, kisha ukimya, kisha muunganisho umekatika. Je, seva ilipokea au haikupokea? Hujui, na Git yako haijui pia, kwa sababu jibu ndilo lililopotea njiani.

Usikimbilie kurudia kwa `--force`, inayolazimisha kuandika juu ya kilichopo kwenye seva. Uliza kwanza:

`git ls-remote origin refs/heads/main`
`git rev-parse main`

Namba zikilingana, kazi ilifika na umemaliza. Zisipolingana, pandisha tena kwa njia ya kawaida. Kila kitu ndani ya Git kinatambulika kwa hashi (namba ya kipekee inayokokotolewa kutokana na yaliyomo), kwa hiyo kutuma mara mbili hakuzalishi nakala mbili. Na tangu toleo la 2.11, seva inaweka mzigo unaoingia kwenye karantini mpaka ukaguzi uishe, hivyo uliokatika njiani hauchafui repo ya wenzako.

Kama ni lazima ulazimishe, tumia `--force-with-lease` na uandike hashi unayotarajia kuikuta: `--force-with-lease=main:<hashi>`. Katika zile dakika ulizokuwa umekwama, mwenzako anaweza kuwa amepandisha yake. Usipoitaja hashi, Git inalinganisha na `origin/main` ya kwako, na kama kuna programu inayoshusha kimyakimya nyuma yako, alama hiyo imeshasogea na ulinzi umeisha.

#12 · Mchangiaji

Nimeandika programu yenye madirisha inayoendesha Git kwa ndani, na mengi humu nimeyajua kwa machozi ya watumiaji wangu. Naongea na wanaojenga zana kama hizo.

Git haionyeshi maendeleo ikiona haiko kwenye terminali. Ongeza `--progress`, la sivyo wewe mwenyewe huna cha kupima. Kisha onyesha mtumiaji muda tangu kitu cha mwisho kusogea. Duara linalozunguka halimwambii chochote, kwa sababu linazunguka vilevile kazi ikiwa hai na ikiwa imekufa. "Hakuna data kwa sekunde 40" ni sentensi anayoweza kuifanyia uamuzi.

Kitufe cha kusitisha kiwepo tangu sekunde ya kwanza, na kifanye kazi kweli: tuma SIGTERM (ishara ya kuiomba itoke), subiri sekunde kumi hivi, ikigoma ndipo SIGKILL (ya kuua kwa nguvu). Dirisha zima lisigande kwa sababu ya mtandao. Mtu anayesubiri kushusha aendelee kusoma historia na kuandika komiti, maana hizo hazihitaji seva.

Kabla ya kulaumu mtandao, hakikisha Git haijasimama ikiuliza nywila mahali asipoonekana mtu wa kujibu. Weka `GIT_TERMINAL_PROMPT=0`, na kwa SSH `BatchMode=yes`, ili ianguke badala ya kusubiri. Nakadiria nusu ya "kukwama" nilikoletewa mimi kulikuwa ni swali lisiloonekana.

Kurudia kuwe kwa kosa la mtandao tu. Nywila ikikataliwa, kurudia mara tano ni kumfungia mtu akaunti. Hapa Git inatunyima msaada kidogo, maana makosa mengi makubwa yanatoka na namba ileile ya kosa, 128, kwa hiyo utalazimika kusoma ujumbe wenyewe.

#13 · Mchangiaji

Kwa walio bado kwenye Subversion (mfumo mwingine wa kutunza matoleo, amri yake ni `svn`): huko `svn checkout` ikikatika, fanya `svn cleanup` kisha `svn update`, itaendelea na kilichobaki. Kikomo cha muda ni `http-timeout` ndani ya faili la `servers` kwenye `~/.subversion`. Kwenye hili la kuendelea pale ilipoishia, naona Git ina la kujifunza.

#14 · Mchangiaji

Swali kwa mleta uzi. `ServerAliveInterval` inathibitisha kwamba SSH ya upande wa pili inajibu. Je, kama SSH iko hai lakini Git ya kule ndiyo imeganda, tuseme diski yake haijibu?

#15 · Mleta uzi

Umegusa penyewe, mkuu. Hapo SSH itaendelea kuitikia "nipo" mpaka kesho na mpangilio wangu hautaona kitu. Kwa hiyo nimeongeza ulinzi wa nje, unaoikata kazi nzima ikizidi muda ambao hata siku mbaya haijawahi kuufikia. Skripti yangu kwa kila repo sasa iko hivi:

`for i in 1 2 3 4 5; do`
`timeout -k 15 2700 git fetch --prune origin && break`
`sleep $(( i * 30 + RANDOM % 30 ))`
`done`

`timeout` inatuma kwanza ishara ya kawaida baada ya dakika 45, na sekunde 15 baadaye ndipo inaua kwa nguvu. Ikikata yenyewe inarudisha namba 124, kwa hiyo kwenye kumbukumbu naweza kutofautisha "ilikwama" na "ilikataliwa". Usingizi unarefuka kila jaribio na una bahati nasibu kidogo ndani yake, ili mashine nyingi zilizokatika kwa pamoja zisirudi kuigonga seva kwa sekunde moja.

Nimeiendesha usiku tatu. Usiku wa pili mtandao uliyumba tena: repo ya nne ilikatwa na SSH baada ya dakika moja, ikalala sekunde 41, ikajaribu tena na kumaliza. Nimeikuta asubuhi kwenye kumbukumbu, mistari miwili tu, na repo zote zilizofuata zilikuwa zimeshashuka.

Aliyesema habari za ukubwa wa paketi, nina repo moja nyuma ya VPN inayofia mahali palepale kila jaribio. Leo naipima kwa `ping`, nitaleta majibu hapahapa.